Mgonjwa Haulizwi Uji? Historia ya Majaribio ya Dawa na Sauti ya Mgonjwa



Wazee wetu walisema, "Mgonjwa haulizwi uji." Maana yake ni njema ikiwekwa mahala pake. Mtu akilala hana nguvu, usimsimamie mlangoni ukamwuliza kama ataka uji au hataki. Upike, umpelekee, umnyweshe kwa upole. Ni mafunzo ya huruma. Lakini wazee hao hao walisema pia, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti." Yaani wewe uliyesimama juu, hata ukiwa na elimu ya namna gani, hujui yaliyomo ndani kama ajuavyo yule aliyelazwa humo.

Methali mbili hizi zinapokutana hospitalini huzuka mgogoro. Daktari anapotaka kujaribu dawa mpya juu ya watu, nani alipange jaribio hilo? Ni daktari peke yake kwa elimu yake, au yeye pamoja na wagonjwa ambao ndio watakaoimeza dawa yenyewe? Suala hili watu wamelilipia kwa roho zao, na hata sisi wa Afrika ya Mashariki limetufikia milangoni. Kwa hiyo yafaa tuijue historia yake.

JARIBIO LA DAWA NI NINI?

Dawa haiwi dawa kwa kusifiwa na muuzaji wake. Ili ijulikane kuwa yafaa, wagonjwa hugawanywa mafungu mawili kwa kura. Fungu moja hupewa dawa mpya. Fungu la pili hupewa dawa iliyozoeleka, au, pasipokuwa na dawa, hupewa kidonge kitupu kilichofananishwa na dawa kwa umbo na rangi. Mgonjwa hajui kapewa kipi, na aghlabu hata daktari wake hajui. Muda ukitimia, huhesabiwa: wangapi wamepata nafuu, na wangapi wamekufa.

Mizizi ya njia hii ni mirefu. Abu Bakr al-Razi, tabibu mashuhuri wa mji wa Rayy aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, alitaka kujua kama kutoa damu kunawafaa wenye uvimbe wa ubongo. Ameeleza katika Kitab al-Hawi kwamba alilitoa damu fungu moja la wagonjwa na akaliacha jingine makusudi, ili apate kupambanua. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu chake al-Qanun masharti ya kuijaribu dawa. Mojawapo ni kwamba ijaribiwe juu ya mwanadamu mwenyewe, kwani litokealo kwa simba au farasi si lazima litokee kwa mtu. Mwaka 1747 James Lind, tabibu wa jahazi la kivita la Waingereza, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili, kila jozi na dawa yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliosimama upesi. Kisha mwaka 1948 Waingereza wakatangaza matokeo ya dawa ya streptomaisini kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Jaribio hilo limekuwa mfano wa kuigwa ulimwengu mzima.

Lakini angalia jambo moja, ndugu yangu. Katika habari zote hizi hatusikii sauti ya mgonjwa hata mara moja. Mabaharia wa Lind hatujui waliulizwa nini. Na wale wagonjwa wa kifua kikuu wa fungu la pili, taarifa yenyewe yakiri kuwa hawakujua muda wote walipokuwa hospitalini kwamba wamo katika jaribio. Uji ulipikwa, ukaletwa, ukanywewa.

WALIODANGANYWA

Ukimya huo haukukoma kwenye kutoulizwa tu. Huko Marekani, katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, idara ya afya ya serikali ilianza mwaka 1932 kuwafuatia wanaume weusi 600, aghlabu yao wakulima maskini. Katika hao, 399 walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Kusudi la wakuu lilikuwa kutazama maradhi yatafanya nini yasipotibiwa. Wagonjwa waliambiwa wana "damu mbaya" na kwamba wanahudumiwa. Walipewa chakula siku za kupimwa, wakaahidiwa gharama za maziko yao. Ilipofika miaka ya 1940 penisilini ikathibitika kuwa inaponya kaswende, nao wakaachwa bila ya kupewa. Jambo hili likaendelea miaka 40, hata magazeti yalipolifichua mwezi wa Julai 1972. Rais Clinton aliwaomba radhi waliobaki hai mwaka 1997. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Kabla ya hapo ulimwengu ulikwisha kuona maovu ya madaktari wa Hitler makambini. Mwaka 1947 mahakama ya Nuremberg iliandika kanuni 10, na ya kwanza yao ni kwamba ridhaa ya mtu ni lazima. Mwaka 1964 madaktari wa mataifa wakatoa Azimio la Helsinki. Na baada ya aibu ya Alabama, Marekani ikatunga sheria mwaka 1974 ya kuwalinda wanaofanyiwa utafiti.

Haya yote ni mema. Lakini tupime vizuri: sheria hizi zilimpa mgonjwa neno moja tu, nalo ni neno la kukataa. Karatasi ikiletwa, aweza kutia saini au asitie. Basi kuulizwa "Wataka au hutaki?" si sawa na kuulizwa "Waonaje, tufanyeje?" La kwanza ni idhini, la pili ni mashauri. Mtu anayekuja kwako na nyumba iliyokwisha kujengwa akakuuliza utaingia au hutaingia, hakukushauri katika ujenzi.

WAGONJWA WALIOGONGA MLANGO

Mwezi wa Juni 1981 ilitoka taarifa ya kwanza huko Marekani ya maradhi ambayo leo twayajua kwa jina la UKIMWI. Wengi wa wagonjwa wa mwanzo walikuwa wanaume wenye kukutana kimwili na wanaume, wengine watu wa madawa ya kulevya, na wengine ni watu wenye maradhi ya damu kutoganda walioambukizwa kwa dawa zilizotokana na damu, walizopewa na madaktari wao. Watu wengi waliwatazama kwa jicho la dharau, hata wapo waliosema wafe tu. Sisi hatukuja hapa kuhukumu mwenendo wa mtu. Mgonjwa ni mgonjwa, na haki ya mgonjwa haipimwi kwa sababu iliyomwuguza.

Mwaka 1983 baadhi yao walikutana katika mji wa Denver wakaandika misingi yao. Walikataa kuitwa wahanga, wakataka washiriki katika kila baraza linaloamua mambo yao.

Mwaka 1986 ilijaribiwa dawa ya AZT kwa wagonjwa 282. Waliopewa dawa walikuwa 145, na waliopewa vidonge vitupu 137. Mwezi wa Septemba jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwani katika fungu la vidonge vitupu walikuwa wamekufa 19, na katika fungu la dawa mmoja tu. Dawa ikaidhinishwa Machi 1987.

Hapo ndipo wagonjwa walipouliza: je, kila dawa itakayokuja lazima ithibitishwe kwa kuhesabu majeneza yetu? Na hawakuuliza kwa maneno tu. Baadhi ya waliokuwamo katika majaribio walivifungua vidonge vyao wakavionja, na wengine wakavipeleka kupimwa wajue kama ni dawa au ni unga mtupu. Wengine waligawana dawa, wenye nacho na wasio nacho, ili kila mmoja apate japo nusu. Walificha pia dawa nyingine walizokuwa wakizitumia, kwa kuwa sharti la jaribio lilizikataza. Hesabu ya mtaalamu ikaharibika bila yeye kujua. Jaribio lililopangwa bila ya kumsikiliza mgonjwa humdhulumu mgonjwa, na pia huikosesha elimu yenyewe ukweli.

Mwezi huo wa Machi 1987 kikaundwa New York chama cha ACT UP. Tarehe 11 Oktoba 1988 watu zaidi ya 1,000 waliizunguka idara ya kuidhinisha dawa ya serikali ya Marekani, na polisi wakawakamata wengi. Magazeti yalisimulia makelele hayo. Lakini mimi, kwa kuwa ni mwalimu, lililonivutia zaidi ni jambo lisilokuwa na makelele. Mwanamke mmoja mkemia, Iris Long, ambaye hakuwa mgonjwa, alikuja akawaambia kwamba hawataweza kubishana na wataalamu wasiowafahamu lugha yao. Akawafundisha. Wagonjwa wakakaa kitako wakasoma namna dawa inavyofanya kazi mwilini na namna jaribio linavyopangwa. Mmoja wao, Mark Harrington, ambaye hakusomea utabibu, aliwaandikia wenziwe msamiati wa maneno ya kitaalamu. Walipoketi tena na wakubwa hawakuwa watu wa kubebwa tena.

Mfano mmoja waonyesha faida yake. Maradhi yaliyokuwa yakiwaua wengi wao ni nimonia ya aina maalumu, na madaktari wa mitaani walikuwa wakiona kuwa yaweza kuzuilika kabla haijaingia. Mwaka 1987 wagonjwa walimwomba Dk. Anthony Fauci, mkuu wa taasisi ya serikali ya maradhi ya kuambukiza, atoe mwongozo wa kuizuia. Akajibu kuwa hana ushahidi wa kutosha. Basi madaktari wa mitaani pamoja na wagonjwa wao, San Francisco na New York, wakaamua kuutafuta ushahidi huo wenyewe. Huko San Francisco walijaribu dawa ya pentamidini ya kuvuta kwa pumzi, kwa wagonjwa 408, na hawakumpa mtu dawa tupu. Walilinganisha vipimo vitatu vya dawa hiyo hiyo wapate kujua kipi kinafaa zaidi. Wagonjwa walidumu katika jaribio, jibu likapatikana, na mwaka 1989 dawa ikaidhinishwa. Elimu haikupungukiwa na kitu kwa kuwa jaribio lilipangwa kwa huruma.

Mwezi wa Juni 1989 Dk. Fauci mwenyewe aliunga mkono njia iliyotakiwa na wagonjwa: aliye mahututi na asiyeweza kuingia katika jaribio apewe dawa mpya kando, huku jaribio likiendelea. Mei 1990 wagonjwa waliandamana tena mbele ya taasisi za utafiti za serikali, na mwaka huo wakapewa viti katika kamati zinazopanga majaribio. Wakataka pia wanawake na maskini wasiachwe nje, maana dawa iliyojaribiwa kwa wanaume peke yao haijulikani itamfanya nini mwanamke. Mwaka 1993 jambo hilo likatiwa katika sheria ya Marekani kwa utafiti unaolipiwa na serikali.

Msomaji huenda akauliza: je, wagonjwa hawakosei? Hukosea, kama wakoseavyo madaktari. Mwanzoni wengi walitaka dawa zitolewe haraka kwa kila hali. Mwaka 1993 likaja jaribio kubwa la Uingereza, Ireland na Ufaransa likaonyesha kuwa kuianza AZT mapema, kabla ya dalili, hakurefushi maisha kama walivyotaraji. Wakajua kuwa haraka nayo ina hasara yake, mtu akanywa sumu kwa kudhani ni dawa. Mwaka 1994 baadhi ya wagonjwa wale wale waliokuwa wakipiga kelele za haraka waliiandikia serikali kwamba dawa mpya ya kampuni moja isiidhinishwe upesi, bali ijaribiwe kwanza kwa watu wengi. Basi kumshirikisha mtu katika shauri hakumpi haki tu, bali humtwika na wajibu, na wajibu humkomaza.

UKIMYA WA MAUMIVU YASIYOHESABIWA

Usidhani hili ni la UKIMWI peke yake. Kwa miaka mingi madaktari wa baridi yabisi walipojaribu dawa walihesabu viungo vilivyovimba na vinavyouma. Mwaka 2002 wataalamu wa maradhi haya kutoka nchi nyingi walikutana Australia, na mara hiyo wakawaalika wagonjwa wakae nao. Wagonjwa wakasema lipo jambo linalowatesa ambalo hakuna anayelihesabu, nalo ni uchovu: ule uchovu wa kuamka asubuhi na mwili umekwisha. Miaka michache baadaye wataalamu wakakubali kuwa uchovu nao upimwe. Dawa ilikuwa ikiitwa nzuri au mbaya kwa miaka yote hiyo, na aliyeinywa hakuulizwa kama amepata nguvu ya kuteka maji.

HABARI ZETU WENYEWE

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1994 ilijulikana Marekani na Ufaransa kuwa AZT, akipewa mama mja mzito na kisha mtoto wake, hupunguza maambukizo kwa watoto kutoka 25 hivi katika kila mia hadi 8 hivi. Lakini tiba hiyo ilikuwa ndefu na ghali. Wakapanga majaribio ya tiba fupi katika nchi maskini. Mojawapo lilifanywa Afrika Kusini, Uganda na Tanzania kuanzia 1996, na ndani yake palikuwa na fungu la kina mama waliopewa dawa tupu. Mwaka 1997 madaktari wawili wa Marekani waliandika kwamba hiyo ni dhulma, kwani dawa ifaayo ilikwisha kujulikana. Wengine, na miongoni mwao Waafrika, wakajibu kuwa kinachotafutwa ni dawa ambayo nchi hizi zitaimudu. Februari 1998 matokeo ya Thailand yakaonyesha kuwa tiba fupi hupunguza maambukizo kwa nusu, na dawa tupu ikaondolewa. Kila upande ulikuwa na hoja yake. Lakini katika majibizano yale makubwa ya majarida, mama mwenye mimba wa Dar es Salaam au Kampala alizungumziwa sana, na mwenyewe hakuzungumza.

Katika pwani yetu upo pia uvumi wa zamani wa mumiani, kwamba wapo watu wanyonyao damu za watu wakauza. Mtafiti akija na sindano zake asiseme anaichukulia damu hiyo nini, basi ameuamsha mumiani mwenyewe. Kilifi, ambako kituo cha utafiti kipo tangu 1989, watafiti wenyewe walichapa mwaka 2004 kwamba wazazi wengi waliotia saini hawakupambanua vizuri baina ya utafiti na matibabu. Hawakuwalaumu wazazi kwa ujinga. Walianzisha mazungumzo, wanavijiji wakachagua wawakilishi wao, na maelezo yakaandikwa kwa Kiswahili na Kigiriama.

Na lau wataka kuiona tofauti kwa macho, linganisha majaribio mawili. La kwanza lilianza 2009 Afrika Kusini, Zimbabwe na Uganda, kwa wanawake 5,029 wasio na virusi, ili kujua kama kidonge au dawa ya kupaka ya kila siku itawakinga. Wanawake walikuja kliniki, wakarudisha chupa, wakasema wanatumia dawa. Kwa hesabu ya kliniki ilionekana karibu tisa katika kumi zimetumika. Mwaka 2013 damu zilipopimwa, dawa haikuonekana hata katika theluthi moja yake. Jaribio likaanguka. Baadaye wanawake walipoulizwa kwa upole walieleza: vidonge vile ni vya wenye UKIMWI, na jirani au mume akiviona atasemaje? Na mtu mzima asiyeumwa anywe dawa kila siku kwa nini? Mambo haya yangaliweza kujulikana kabla, kwa kikombe cha chai na masikio mawili.

La pili lilifanywa Afrika Kusini na Uganda, kwa sindano ya lenakapaviri ya mara mbili kwa mwaka, ambayo haina chupa ya kuficha. Safari hii waliolipanga walikaa na wawakilishi wa jamii tangu mwanzo, na wasichana wa miaka 16 na 17 na wanawake wenye mimba, ambao kwa desturi huachwa nje, wakaingizwa. Matokeo yalipotangazwa 2024, katika wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo hakuambukizwa hata mmoja. Sisemi mashauri peke yake ndiyo yaliyoleta ushindi huo, kwani dawa yenyewe ina nguvu kubwa. Lakini dawa yenye nguvu ikibaki ndani ya chupa haimkingi mtu.

NASAHA

Oktoba 2024 madaktari wa mataifa walilirekebisha tena Azimio la Helsinki, na safari hii limetaka watu wenyewe na jamii zao washirikishwe kabla ya utafiti, katika utafiti na baada yake. Lakini azimio liko kwenye karatasi, nawe uko kijijini. Basi siku utakapoitwa wewe au mwanao, usikimbie kwa hofu ya mumiani, wala usikubali kwa haya ya kumwambia daktari "sikufahamu". Uliza kwa adabu mambo matano. Kwanza, jaribio hili latafuta jibu la suala gani, na nani aliyelichagua suala hilo? Pili, watakaokuwa katika fungu la pili watapewa nini? Tatu, nikidhurika nani atanitibu, na hata lini? Nne, dawa ikifaa, itafika kwetu kwa bei ya watu wetu? Tano, katika sisi, nani alikaa na walioupanga utafiti huu?

Nanyi madaktari na watafiti, ambao wengi wenu ni watoto wetu tuliowafundisha alifu na be: mwili wa mtu ni amana, na mwenye amana hutakwa shauri katika mali yake. Mkiulizwa maswali haya msikasirike. Anayewauliza amekubali kuwakopesha kitu ambacho hakuna benki iwezayo kukirudisha.

Ama ile methali ya uji, haina kosa. Mgonjwa haulizwi uji kwa sababu faida ya uji yajulikana na kila mtu tangu zamani. Dawa inayojaribiwa haijajulikana bado, na kwa hiyo ndiyo ikaitwa jaribio. Kwa lisilojulikana, wa kwanza kuulizwa ni yule atakayelinywa.